Kitufe Kilichojificha Chini ya Kidevu cha Bi Yeshimebet

Jumatatu, Nehase 27

Mvua tangu alfajiri. Nimefika ofisini soksi zimelowa. Mwenzangu Fitsum kafika mkavu. Sijui mtu huyu hupita wapi.

Habari kubwa! Bosi wetu, Bwana Girmachew, ametuita wote kabla hata kahawa haijachemka. Tovuti tunayomjengea Bi Yeshimebet, yule muuza magauni ya kitamaduni wa Shiro Meda, inazinduliwa Jumamosi. Wageni waalikwa, kahawa, mkate mkubwa wa sikukuu, kila kitu. Mwezi wa Nehase unaisha, mwaka mpya uko mlangoni, na ni mwanamke gani wa Addis Ababa atauingia na gauni la mwaka jana? Wateja wake wote wananunua kwa simu. Kwa hiyo, akasema Bwana Girmachew, ukurasa lazima ujaribiwe kwenye simu. Simu za kweli, akakazia, huku akinitazama mimi. Kwa nini mimi?

Halafu akatoa la pili. Baada ya mwaka mpya ofisi itakuwa na Mkuu wa Majaribio. Meza ya dirishani, jina mlangoni. Ni mimi au Fitsum. Atakayekuwa mwangalifu zaidi katika kazi hii, ndiye.

Uangalifu! Ukurasa wenyewe nimeujenga mimi. Nani atamjua mtoto kuliko baba yake?

Nikasimama. Nikasema nimeshaujaribu kwenye simu za kila aina. Ofisi nzima ikageuka kunitazama. Ukweli ni kwamba niliushika ukingo wa dirisha kwenye kompyuta, nikalibana kwa kipanya mpaka likawa jembamba kama simu. Ukurasa ukajikunja kwa adabu zote. Picha juu, magauni katikati, kitufe cha NUNUA mahali pake. Simu ni kitu gani, kama si dirisha jembamba?

Fitsum alifungua droo yake akatoa simu. Kisha nyingine. Kisha nyingine tena. Kuukuu, zilizopasuka vioo, moja imefungwa kwa mpira isidondoshe betri. Akazipanga mezani kama mchuuzi wa soko la Merkato. Watu wakacheka. Nilicheka kuliko wote.

Jioni nimeipima meza ya dirishani kwa macho. Kiti changu kitaenea.

Jumanne, Nehase 28

Nimeamka na mpango. Fitsum ahangaike na vyuma chakavu vyake, mimi naenda moja kwa moja kwa mwenye mali. Mteja akisema ukurasa ni mzuri, nani atampinga?

Nilimuaga Bwana Girmachew nimeshika shavu, nikasema naenda kwa daktari wa meno.

Bi Yeshimebet ni mwanamke mpana, sauti yake pana zaidi, na hazungumzi biashara na mtu ambaye hajamaliza kikombe cha tatu cha kahawa. Nikavimaliza. Nikatoa simu yangu, ambayo kwa upana ni kama sinia. Ukurasa ukafunguka, safi! Akaitazama kidogo akaisukuma. Akasema yeye na simu za watu hawapatani, akatoa yake mfukoni mwa aproni.

Ndogo. Imepasuka pembeni. Na kwa sababu macho yamepungua na miwani haitaki, amekuza herufi mpaka neno moja linajaza mstari mzima.

Akafungua. Moyo wangu! Herufi zikavimba. Picha yake, ambayo yeye mwenyewe aliagiza ikae juu kabisa, ikatanda kutoka ukingo hadi ukingo. Uso wake. Uso mtupu. Magauni yakasukumwa huko chini kusikojulikana. Kitufe cha NUNUA kikazama chini ya kidevu chake na sikukiona tena.

Akaisogeza simu karibu na macho. Nikawa najiandaa kuusingizia mtandao. Mara akapiga kofi la furaha: "We kijana! Mama yako alizaa kweli!"

Akawaita majirani wote wa maduka. Wakaja kumtazama Bi Yeshimebet aliyejaa simu nzima. Mmoja akauliza magauni yako wapi. Akajibiwa kwa ukali kwamba magauni yako dukani, hapa watu wanamtazama mwenye duka.

Nimemwambia ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo.

Jumatano, Nehase 29

Siku ya mfungo. Mchana injera na shiro, ule mchuzi wa unga wa dengu. Fitsum naye akaagiza shiro akaja kukaa meza yangu, makusudi, kuniharibia ladha.

Lakini asubuhi! Asubuhi ilikuwa yangu. Kikaoni Fitsum alisema kwamba kwenye simu ndogo zenye herufi kubwa kitufe cha kununua kinapotea. Akapitisha simu yake mkono kwa mkono. Watu wakainamia, wakaguna. Nikamuuliza kwa upole kama yeye ndiye mteja. Nikatangaza kwamba mteja mwenyewe ameuona ukurasa jana, kwenye simu yake mwenyewe, na ameupenda.

Bwana Girmachew akauliza jana saa ngapi, maana jana nilikuwa kwa daktari wa meno. Nikasema daktari wangu yuko Shiro Meda.

Akampigia simu Bi Yeshimebet, akaweka sauti ya nje. Haikuhitajika. Mwanamke akanisifu mimi, akamsifu mama yangu, akaapa kwamba atakayeisogeza picha yake hata kwa upana wa kucha atamfuata hapo hapo ofisini. Fitsum akainamisha kichwa. Ushindi!

Kisha akakiinua tena. Mtu huyu hajui kushindwa. Akasema, "Bosi, Bi Yeshimebet hatajinunulia magauni yake. Tuwaite wanunuzi."

Bosi amelipenda wazo hilo kama vile ni lake. Kesho waje wanawake na simu zao, wajaribu kununua, na sisi tutazame midomo imefungwa. "Midomo imefungwa, Zerihun," akarudia. Kwa nini kila kitu mimi?

Nikawahi. Nikasema wanawake nitawaleta mimi. Nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwa Shangazi Tsige, dada yake marehemu baba, nikamkuta na jirani zake kwenye kahawa. Nimewafundisha. Litokee lolote, jibu ni "safi sana". Nimewakaririsha mara kadhaa kama watoto wa darasa la kwanza. Wameiva. Nimewaahidi keki.

Mwaka mpya ukipita tu, nahamia dirishani.

Alhamisi, Nehase 30

Sitaki kuandika. Naandika.

Shangazi Tsige amekuja amevaa kama anakwenda harusini, na Bi Aregash jirani yake nyuma, na wengine wawili ambao sikuwafundisha, wamefuata keki. Kabla simu haijatoka mkobani Shangazi akasema "safi sana". Fitsum akakohoa.

Bi Aregash aliilaza simu yake ubavu. Bi Yeshimebet wa pichani akakatika, yakabaki macho mawili na nyusi zilizojaza kioo kizima. "Safi sana," akasema Bi Aregash, kwa woga.

Bado ningeweza kuokoka. Tatizo ni kwamba Shangazi alikwenda chini, chini, chini kabisa, akalifikia gauni moja lenye upindo wa kijani, na akalipenda. Akasahau mafundisho yote. Akataka kulinunua kweli. Akatafuta kitufe. Akabonyeza kidevu. Akabonyeza shavu. Akabonyeza paji la uso. Mwishowe akapaza sauti mbele ya ofisi nzima:

"Zerihun mwanangu, huyu mama nimemtia kidole jichoni mpaka naona haya. Mbona haniuzii nguo?"

Nilijaribu kumwelekeza kwa nyusi. Bwana Girmachew akasema midomo kufungwa maana yake na nyusi pia.

Walicheka mpaka mhudumu wa kahawa akaja kuuliza kuna nini. Fitsum hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Alimletea Shangazi kiti na keki, akamuuliza taratibu alitarajia kitufe kiwe wapi. Shangazi akasema, mahali ambapo kidole chake kinafika bila kusumbuka. Kisha akanigeukia akasema kijana huyu ana adabu, ameoa?

Ameoa, Shangazi.

Amri ya bosi: kesho jioni kitufe kionekane kwenye simu zote, na picha isiguswe. Fitsum akajitolea kunisaidia na kuniazima simu zake. Nimemshukuru. Nimekataa. Afadhali nile kiatu.

Ijumaa, Pagume 1

Pagume imeingia. Mwezi wa siku tano tu, mfupi kama subira yangu.

Nimepata dawa! Mahali ambapo kidole kinafika bila kusumbuka, si alisema? Basi nimetengeneza kitufe kinachoelea. Cha kijani, kikubwa, kimekaa kona ya chini kulia, juu ya kila kitu. Upande ukurasa, ushuke, hakikuachi. Kipo tu kama jirani mdaku. Picha ya Bi Yeshimebet sijaigusa hata kucha.

Tena nimeongeza ubunifu. Wazee hubonyeza, wasipoona jambo hukasirika. Kwa hiyo kitufe changu hakisubiri kubonyezwa. Kikiguswa tu, kimeuza gauni lililo kwenye kioo. Yale maswali ya "una uhakika?" nimeyafuta. Mtu ukimuuliza kama ana uhakika, ndipo anapoanza kutokuwa nao.

Nimelibana dirisha likawa jembamba. Nikapeleka kipanya, nikabofya. Gauni moja limenunuliwa. Nikabofya tena. La pili. Kazi imekwisha, saa nane mchana!

Fitsum akapita, akauliza kama nimejaribu kwa kidole. Nikamuuliza anadhani kipanya kinajiendesha chenyewe? Kidole changu si kiko juu yake?

Amekwenda zake akitikisa kichwa. Wivu ni ugonjwa.

Jumamosi, Pagume 2

Siku ya maisha yangu.

Duka la Bi Yeshimebet limetandikwa majani mabichi sakafuni, ubani unafuka, mkate wa kumtosha kila mtu. Wafanyabiashara wa mtaa mzima, Kanali mstaafu Wubshet na fimbo yake, Shangazi Tsige na kundi lake. Nyuma, uani, wafumaji wamesimama mlangoni kutazama, na mbele yao mkuu wao, Mzee Anjulo, mtu wa Dorze, kabila la wafumaji. Begi lake lilikuwa limeshafungwa. Jumatatu asafiri kwao kusini, binti yake anaolewa.

Bi Yeshimebet akahutubia. Bwana Girmachew akahutubia. Kisha wageni wakaambiwa fungueni simu. Vidole gumba vikawa vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka.

Nilikuwa nimefunga kengele kwenye kompyuta ya duka, ilie kila oda inapoingia. Ikalia. Watu wakapiga makofi. Ikalia tena. Ikalia, ikalia, ikalia, ikawa hailii tena bali inapiga kelele moja ndefu kama bati linalokokotwa. Vigelegele! Bi Yeshimebet akainua mikono juu akitokwa na machozi. Bwana Girmachew akanikumbatia, mimi, mbele za watu. Ilibidi mtu achomoe waya wa spika ili tusikilizane.

Fitsum alikuwa ameinamia simu yake. Akaitazama. Akakitazama kidole gumba chake. Akaja kuninong'oneza kwamba ana neno na mimi, la haraka. Nikamwambia aombe miadi kwa Mkuu wa Majaribio.

Hapo hapo Bi Yeshimebet akawageukia wafumaji akasema hakuna anayesafiri. Vitanda vya kufumia visisimame mpaka oda ziishe. Mzee Anjulo hakubisha. Alilichukua begi lake, akaliegemeza ukutani, akaingia uani.

Nimekula mkate mwingi mno. Tumbo linauma kwa heshima.

Jumapili, Pagume 3

Leo ni siku ya Malaika Rafaeli, na mvua ya leo ina baraka. Mama hakubali mtu akae ndani. Ameniburuta uani kama mtoto, na mimi mtu mzima mwenye cheo, tumesimama na wapangaji wote tunanyeshewa. Nimejisikia vizuri sana. Nimesahau tu kwamba simu iko mfukoni.

Ndipo akaingia Shangazi Tsige mbio, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Nikadhani amekuja kubarikiwa. Amekuja kunipiga. Amepata ujumbe wa kumshukuru kwa kununua magauni tisa. Yeye alitaka moja, lile la kijani. Bi Aregash ana sita, na ni mjane, na ana nguo. Nimjibu nini?

Nikamuuliza alibonyeza mara ngapi. Akasema hakubonyeza kitu, alikuwa anashuka tu kutazama. Akanionyesha hewani kwa kidole gumba jinsi alivyokuwa anashuka. Kinapanda, kinashuka. Na kila kikipanda, kinapita kona ya chini kulia.

Nilikuwa nimelowa tayari. Sasa nikapoa.

Kipanya hakipangusi kioo, kinabofya tu mahali palipoelekezwa. Kidole kinapangusa. Waalikwa wote jana walikuwa wanapangusa!

Mpango: kufuta oda zote kimya kimya kabla ya kesho. Kizuizi: simu yangu imekunywa baraka, haiwaki. Ofisi imefungwa. Mtu pekee ninayemjua mwenye simu za kugawa ni yule yule. Nikaenda. Nimevaa suruali ya pili, nimebeba ndizi, nikasema nimekuja kuwasalimia kwa ajili ya sikukuu.

Mkewe, Lulit, akaweka kitoweo cha kuku. Akaanza kunilisha matonge kwa mkono wake, kama mgeni wa heshima, moja halijashuka lingine linakuja. Fitsum akasubiri mpaka mdomo wangu ukajaa kabisa. Ndipo akasema:

"Mimi nina magauni kumi na mawili, Zerihun. Wewe je?"

Lulit alicheka mpaka akaenda kushika ukuta. Nilipomeza, nikaomba tuzifute zote, iwe siri yetu. Fitsum akauliza, "Na wafumaji?"

Wafumaji gani? Nikamuuliza hivyo kweli, kwa mdomo wangu. Kisha nikakumbuka begi.

Jumatatu, Pagume 4

Njia nzima ya kwenda dukani nilikuwa natunga visingizio. Mtandao ulichanganyikiwa. Wahuni wa mtandaoni kutoka nchi ya mbali. Mvua imeingia kwenye waya. Fitsum alikaa kando yangu bila kusema lolote. Nadhani ilikuwa ni adhabu.

Tumesikia vitanda vya kufumia kabla hatujafika. Uani wamejaa, hata wafumaji wa maduka mengine wamekodishwa, miguu inakanyaga, mikono inarusha nyuzi. Mzee Anjulo kwenye kitanda cha kwanza, macho mekundu. Begi lake liko pale pale ukutani, na juu yake sanduku la viatu vipya vya kike, vidogo. Vya bibi harusi, nadhani.

Maneno yote niliyoyatunga yakanikimbia. Nikasema, Bi Yeshimebet, kitufe changu kilikuwa kinauza chenyewe. Watu walikuwa wanatazama tu.

Nilitegemea kofi. Alikaa kitako kwenye marundo ya nguo. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo:

"Kwa hiyo watu hawakunitaka?"

Ningependa angenipiga.

Fitsum akachuchumaa mbele yake akasema hatujui bado, mama, kwa sababu hatujawauliza. Hapo sauti yake pana ikarudi. Akaninyooshea simu yake ndogo iliyopasuka. Akasema nitawauliza mimi. Wote. Mmoja mmoja. Na sauti iwe ya nje, wafumaji wasikie.

Vitanda vikasimama. Nikakaa kwenye kigoda katikati ya ua. Nikapiga simu.

Mama mmoja wa mtaa wa Piassa alinitukana mpaka ukoo wangu wa pembeni. Mwingine akakata kabla sijamaliza jina langu. Mfanyabiashara wa vitambaa akasema alijua tu, akacheka, akasema nipe mawili kati ya ishirini. Bi Aregash akasema hataki hata moja, kisha akapiga tena mwenyewe akasema basi moja, lakini lisiwe la huzuni. Shangazi akasema lile la kijani, na mimi nisionekane kwake mpaka sikukuu ya Meskel ipite.

Kanali Wubshet akaniamuru nirudie taarifa yangu. Nikadhani ananiandalia matusi. Kumbe anawaza. Akasema yeye na mkewe hawajasemezana tangu mvua zianze. Akauliza gauni alilonunua kwa bahati mbaya ni la namna gani. Bi Yeshimebet akaninyang'anya simu akalieleza, upindo, msalaba wa kifuani, mtandio wake. Kanali akasema, "Lileteni. Na yeye asijue kwamba ni bahati mbaya."

Ua mzima ukapiga makofi. Mimi nikayapokea. Fitsum akanikanyaga.

Mpaka jioni sikio langu lilikuwa la moto. Oda zilizobaki ni chache, robo tu labda, lakini ni za watu waliosema ndiyo kwa midomo yao. Bi Yeshimebet alizihesabu, akatazama rafu, akasema nyingi ya hizo zimeshafumwa, ziko ndani. Akaenda mwenyewe kulichukua begi pale ukutani, akamkabidhi Mzee Anjulo, na juu yake akaongeza mtandio mweupe wa bibi harusi. Mzee akazishika nyuzi zake kwa kidole, akasema huu niliufuma mimi. Bi Yeshimebet akasema, "Ndiyo maana nakupa, ni mzuri."

Mzee Anjulo aliponipita mlangoni nikamwomba radhi. Akasema mkono wake umechoka, la sivyo angenipa kofi langu. Kisha akacheka kidogo. Kidogo sana.

Jumanne, Pagume 5

Bwana Girmachew anajua kila kitu. Amesema kwa utulivu, na mtu huyu akiwa mtulivu ni hatari. Fitsum ndiye Mkuu wa Majaribio. Jina litabandikwa mlangoni baada ya sikukuu. Mimi nitakuwa nachaji zile simu.

Tumeshinda dukani kwa Bi Yeshimebet, Fitsum na mimi, simu zote zimetandazwa kwenye mkeka. Zile kuukuu za Fitsum, za wafumaji, za wapita njia waliokuja kunywa kahawa. Ndogo, pana, zilizolazwa ubavu, zenye herufi kubwa. Tukabadilisha, tukafungua, tukapangusa kwa vidole vya kila mtu. Kitufe kimekaa chini ya kila gauni, hakielei, hakiuzi mpaka ukibonyeze na kukubali. Mfumaji mmoja mwenye kidole kama mhogo amekibonyeza bila kukosea.

Picha ndiyo iliyokuwa vita. Bi Yeshimebet aliona uso wake umepungua ukawa wa kutosha kwenye kona, akaomboleza kama kwenye msiba. Fitsum akamwonyesha gauni jeupe lililojaza kioo mahali pake, nyuzi zinaonekana moja moja. Akatazama. Akasema, "Hilo nalo ni mimi."

Saa kumi oda moja ikaingia. Moja. Kutoka kwa mtu ambaye hakuna aliyemfahamu. Tulitazamana. Fitsum akanipa mkono, na mimi nikaushika, nikasahau kuuachia.

Naandika hapa kwa akili timamu: kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Sitamtumia mtu kitu ambacho sijakiona kwenye simu kwa macho yangu na kukigusa kwa kidole changu. Kamwe.

Jumatano, Meskerem 1

Mwaka mpya! Jua limetoka, mvua imeaga, wasichana wanapita mlango kwa mlango na maua ya njano wakiimba. Mama amenipa shati jipya. Nimeamka nikiwa mtu mwingine, kama nilivyoandika.

Na mtu huyu mwingine amepata wazo zuri ajabu. Kwa nini Mkuu wa Majaribio peke yake ndiye akumbukwe na wateja? Asubuhi hii, kwenye kompyuta niliyoibeba jana kutoka ofisini, nimetengeneza ukurasa mdogo wa kuwatakia watu heri. Unaufungua, maua ya njano yanaanza kudondoka kutoka juu, na jina langu linachomoza katikati. Unapendeza! Nimewatumia wateja wote wa ofisi. Na wageni wa Jumamosi, kuwaondolea kinyongo. Na Bi Yeshimebet. Na Kanali. Na mtu wa wizarani ambaye Bwana Girmachew amekuwa akimbembeleza tangu Pasaka.

Nimempelekea na Mama, yuko jikoni. Amekuja na simu yake ameishika kwa mbali. Amesema maua mazuri, mwanangu, lakini hayaishi. Yanajazana. Alikuwa anamtafuta Shangazi Tsige ampigie, hamwoni, amefunikwa. Amejaribu kuizima simu, haizimiki, inadondosha tu. Akauliza kama niliufungua kwenye simu kabla ya kuwatumia watu.

Nimemwambia mwaka mpya haufunguliwi kwa mashaka. Maua mengi ni neema nyingi.

Simu yangu imekauka, imewaka, na inaita. Ni Bwana Girmachew, siku ya sikukuu, asubuhi yote hii! Bila shaka ameuona. Nadhani meza ya dirishani imerudi kwangu.